Ombi la Kupunguza Maana za Neno la Mke Wangu

Ndugu Mhariri wa Kamusi ya Kiingereza,

Pokea salamu za mteja aliyechoka. Mimi ni fundi wa kufunga milango, mke wangu ni fundi cherehani. Nyumbani kwetu hatugombani. Tukishindwa kuelewana, kila mmoja huchagua neno geni katika kamusi yako, na mwenye neno lenye maana nyingi zaidi ndiye anayefuatwa. Hivyo ndivyo tulivyopata rangi ya sebule, na ndivyo mama mkwe alivyohamia kwetu.

Sasa tumepata binti. Mimi nataka aitwe jina la marehemu mama yangu. Mke wangu anataka la mama yake, ambaye yu hai na husikiliza mlangoni. Tulichagua maneno, tukatoka sare, na mtoto mpaka leo anaitwa "huyu". Kwa heshima zote, nalalamika:

1. Neno langu ni "gudgeon". Ni samaki mdogo wa mtoni, ni mtu anayedanganyika upesi, ni tundu la bawaba linaloingia pini, ni ncha ya mhimili unaozunguka, tena ni chuma cha kuunganishia mawe. Hizo ni maana za jasho. Kuhusu mtu wa kudanganyika, mke wangu amejitolea kutoa ushahidi.

2. Neno lake ni "bodkin": jambia dogo, chombo cha kutobolea kitambaa, sindano butu ya kupitishia mpira kiunoni mwa sketi, pini ndefu ya nywele. Ndugu Mhariri, hicho si kitu kimoja chembamba kinachobadilisha nguo? Halafu mkaongeza mtu aliyebanwa katikati ya wawili. Hiyo ni maana au ni ajali?

3. Nilipoipinga maana hiyo, mama mkwe alikuja akajibana katikati yetu kwenye kochi la watu wawili, akasema ushahidi umekamilika. Hajaondoka. Wageni wanadhani tunasuluhishwa.

4. Kliniki walitaka jina. Mke wangu akajibu kwamba kamusi haijaamua, na muuguzi akaandika "Binti Kamusi". Kwa kuwa sasa mtoto ni wa ukoo wako, usipochukua hatua nitamleta ofisini umbembeleze mwenyewe.

Naomba umfute huyo mtu aliyebanwa. Ikishindikana, ongeza kwenye neno langu maana ya "baba anayestahili kusikilizwa".

Nisalimie wachapaji, wafagiaji, na yeyote anayeshughulikia herufi B.

Wako mwenye subira inayokwisha,
Fundi Milango

N.B. Mke wangu ameisoma barua hii ili anisahihishie tahajia. Alipomaliza akasema mtoto apewe jina la mama yangu, kwa sababu mama yake yeye bado akiitwa anaitika. Nimelia mbele ya mkwe wangu. Mwanamke wa namna hii hapaswi kushindwa, kwa hiyo tafadhali liache neno lake lilivyo, na ufute maana moja ya langu, yoyote ile, ili ashinde yeye kabla sijaikubali zawadi yake.