Bunda la Mzee Ogle

Buya alikuwa meneja. Wa nini, ilitegemea siku. Juzi alikuwa meneja wa kisima huko Eldas, kisima ambacho mwenyewe hajawahi kukiona. Leo, akipita na pikipiki yake uwanjani Garissa, aliwaona vijana wa bendi ya roki iitwayo Kiangazi wakipanga ngoma, gitaa na spika mbili kubwa. Spika zilitazama mtoni. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na zizi la ngamia.

"Alhamdulillahi," alisema Buya, ingawa si mtu wa kushukuru mara kwa mara.

Mwenye zizi, Mzee Ogle, mnene wa ndevu za hina, alikuwa akinywa chai na rafiki zake wawili.

"Asalaam aleikum, mzee wangu. Mimi ni meneja wa bendi ile. Nimeletwa na huruma."

"Waaleikum salaam. Huruma ya nini?"

"Ya maziwa. Gitaa la umeme likilia, ngamia anakauka. Wafugaji wa Lafey walipuuza, sasa wanakunywa chai ya rangi."

"Subhanallah! Na dawa?"

"Naamuru spika zigeuzwe, zitazame mtoni. Ila vijana wangu nao lazima wapozwe kidogo."

Msomaji, unakumbuka spika zilikuwa zimetazama wapi. Hakuna biashara tamu kama kuuza kazi iliyokwisha kufanyika, haichoshi mgongo.

"Utachukua bunda," alisema Ogle. "Bunda mzima!"

Masikio ya Buya yalisimama. Bunda! La elfu elfu au la mia mia, hakuthubutu kuuliza. Aliona ngeli imeteleza kidogo, lakini nani amsahihishe mtu anayegawa mali?

"Ila weka amana," mzee akaongeza. "Bikibiki hiyo. Sbika zikitazama ngamia wangu, inakuwa yangu. Hawa mashahidi."

Pikipiki ndiyo iliyomwokoa Buya kila mji ulipomchoka. Bila hiyo angekuwa anahojiwa mahali mpaka leo. Akazitazama spika tena, zimetulia zinatazama mto. Akatoa ufunguo.

Baada ya alasiri muziki ukaanza. Nasteho, mpiga gitaa mwenye hijabu nyekundu, alizikwaruza nyuzi hadi vumbi likainuka, na umati ukapiga mayowe. Buya naye akatikisa kichwa kimeneja. Wimbo wa pili ulipoisha, Nasteho akashika kipaza sauti.

"Unaofuata ni wa babangu. Amepiga simu, anasema kule zizini hasikii vizuri. Geuzeni spika!"

"Msiguse!" Buya alirukia jukwaani. "Mimi ndiye meneja!"

"Meneja ni mamangu," alisema Nasteho. "Wewe nani?"

Spika zikageuka. Ngamia wakaendelea kutafuna. Kumbe mazoezi ya bendi siku zote yalifanyikia hapo hapo zizini.

Buya alirudi huko mbio. Ogle alikuwa tayari amekalia pikipiki.

"Mzee, umenichezea! Kumbe ni binti yako!"

"Na wewe ulisema ni meneja wake. Nikasema haya, tuone. Lakini usilie, kijana. Nimesema bunda, chukua bunda."

Moyo wa Buya ukafufuka. Akanyoosha mikono yote miwili. Ogle akamkabidhi kamba, na mwisho wa kamba alisimama punda wa kijivu, sikio moja nusu.

"Mzee, nini hii?"

"Bunda."

"Huyu ni punda!"

"Ndiyo, bunda!" Ogle aliwageukia mashahidi kwa wasiwasi. "Kwani mimi nimesema nini?"

Mashahidi walithibitisha: bunda alitajwa, bunda ameletwa.

Buya akampanda, akamwelekeza darajani. Punda alikwenda hatua chache, akafikiri, akageuka, akaenda moja kwa moja jukwaani na kusimama mbele ya mkokoteni. Nasteho alikuwa akikunja nyaya.

"Huyu anajua saa yake," alisema. "Ndiye anayebeba spika zetu. Wewe ndiye mwenyewe siku hizi?"

Pikipiki ilipita ikiunguruma, Mzee Ogle mbele, mashahidi wawili nyuma, wote wakimpungia mkono.

"Ndiyo," Buya alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi shika huko chini, meneja. Inua."