Njama Zangu za Kumpa Mizani Kiti cha Idara

Jumatatu, 21 Oktoba

Mkuu wa idara yetu ya kemia anastaafu. Uchaguzi Ijumaa, saa tatu asubuhi. Wahadhiri tuko kumi na tisa, wanawake watano, na tangu idara ianze hakuna mwanamke aliyekalia kile kiti. Safari hii tunaye mgombea. Tunamwita Mizani, kwa sababu hupima kila kitu mara tatu kabla ya kufungua mdomo. Kwa utafiti anatupita sote. Kwa njama, mweupe kabisa. Bahati yake anaye rafiki kama mimi.

Tatizo ni Profesa Tai, mzee wa heshima anayefunga tai hata akiosha chupa za maabara. Bado hajasema kama atagombea. Nimeamua kumsaidia asigombee. Nimemnong'oneza katibu muhtasi kwamba profesa amechoka, anatamani kupumzika. Nikamsihi asimwambie mtu. Kufikia kesho idara nzima itakuwa inajua.

Jumanne, 22 Oktoba

Inajua. Wamempelekea maua.

Wahadhiri watatu walioniahidi kura zao wameingia ofisini kwake kumbembeleza asiondoke. Fundi wetu wa maabara, dada asiyepitwa na jambo, anasema profesa alifuta macho, akakiri hakujua kama anapendwa kiasi hicho. Jioni amejaza fomu ya kugombea.

Mume wangu ameuliza kwa nini nimenuna. Nikamwambia ni siasa za kazini. Akasema alidhani kazini kwetu tunapima maji.

Jumatano, 23 Oktoba

Njama mpya, safi zaidi. Nimemwandikia Mizani hotuba. Kurasa nne, moto mtupu. Minyororo inakatwa ukurasa wa kwanza, jua linachomoza ukurasa wa nne. Nilipoisoma peke yangu nilisisimka mwili mzima.

Mizani ameirudisha baada ya chakula cha mchana. Pembeni mwa kila sentensi ameandika kwa kalamu nyekundu: chanzo? Kwenye jua linalochomoza ameandika: lini?

Nimemuuliza basi yeye atasema nini. Akafungua kabati, akatoa madaftari ya kumbukumbu za mikutano ya idara ya miaka kumi na moja. Yeye na fundi wa maabara wameyapitia yote, mkutano kwa mkutano: nani aliongoza, nani aliandika, nani aliagiza chai. Wamejaza ukurasa mmoja tu. Nimemshauri aongeze japo mnyororo mmoja. Amekataa.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimehesabu kura kwenye vidole. Tunashindwa kwa tatu, wale wale wa maua. Nimechungulia chumba cha chai. Watu wa Profesa Tai hukaa humo kila asubuhi na hawainuki mpaka saa ya ukutani iwaambie. Nimepata wazo zuri sana.

Ijumaa, 25 Oktoba

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Nilifika mapema, nikapanda kiti, nikairudisha saa ya ukutani nyuma nusu saa. Kisha nikaenda kungoja kwenye chumba cha mikutano. Saa tatu kamili alikuwemo mtu mmoja tu: Profesa Tai. Kumbe yeye hanywi chai asubuhi. Na Mizani na wenzetu wote walikuwa huko huko kwenye chai, wakiomba kura.

Nusu saa nzima, mimi na yeye. Akauliza karatasi niliyoshika ni ya nini. Sikuwa na uongo wa kutosha, nikampa. Ilikuwa nakala ya ule ukurasa wa Mizani.

Alisoma kwa kidole. "Mikutano mia mbili na kumi na minne. Mia mbili na tisa, kumbukumbu zimeandikwa na wanawake." Akavua miwani. "Mwalimu, wewe umeandika mara ngapi?"

"Arobaini na saba, profesa."

"Na umeongoza mara ngapi?"

"Hata mara moja."

Alirudi mwanzo wa ukurasa, akausoma upya.

Wengine wakaingia wakilaumiana. Mkuu anayestaafu akauliza nani ataandika kumbukumbu, na kama kawaida macho yote yakatugeukia sisi watano. Profesa Tai akanyoosha mkono, akavuta daftari mbele yake.

Mizani akasimama, akasoma ukurasa wake bila kupandisha sauti. Kisha akasema atakachofanya: kuandika na kuongoza mikutano kutakuwa kwa zamu, funguo za maabara watapewa watafiti wote, na aliyefanya jaribio jina lake litatangulia kwenye makala. Fundi wa maabara alikuwa amesimama mlangoni, kidevu juu.

Tukapiga kura: kumi na mbili kwa saba. Profesa Tai aliandika kushindwa kwake mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, akapigia mstari jina la mshindi. Halafu akaja kumpa Mizani mkono na kumwomba awekwe zamu ya wiki ijayo pia, maana ana deni la miaka. Mizani akalia. Mimi pia, kwa sauti kubwa kuliko yeye.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimefikiria mwisho wa juma wote, na jibu ni lile lile: bila mimi tusingeshinda. Nani alimpa profesa nusu saa ya kusoma?

Mkuu mpya wa idara amenishukuru, akanikabidhi kamati ya uadilifu. Amesema nitajifunza mengi. Sijui yapi.

Mwakani kiti cha mkuu wa kitivo kizima kitakuwa wazi. Mizani anasema hataki, aachwe afanye kazi. Ni unyenyekevu tu. Fomu ya kugombea nimeshaichukua na kumjazia. Imebaki sahihi yake, nayo si ngumu. Nimeijaribu mara tatu, ya tatu imetoka nzuri kuliko ya kwake.