Taa ya Kwenda Kilakala

Jumatatu, 5 Mei
Tangazo! Mama Juliana, mwenye kiwanda chetu cha mikate, amesema kuanzia Jumamosi baiskeli isiyo na taa haitoki getini. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri, giza tupu, na wiki jana kuna mtu aliingia mtaroni na skonzi arobaini. Hakutaja jina. Wote wakanigeukia mimi. Nikikosa taa nitabaki kufunga mikate kwenye mifuko, na njia yangu ya Kilakala atapewa msambazaji mwenzangu, Amosi. Amosi! Kilakala yuko Aisha, muuza chai, ambaye siku yoyote sasa atakubali posa yangu. Amosi ana taa ya kuchaji kama simu. Anaringa nayo hata mchana.

Jumanne, 6 Mei
Jana jioni nilimwamkia Bibi Zuleha, mwenye nyumba wangu, shikamoo mbili mfululizo. Akaniazima taa yake ya sola. Leo nimeianika juu ya bati kabla sijatoka. Jua limechelewa nyuma ya milima ya Uluguru, lilipochungulia likakuta mawingu yameshawahi nafasi. Jioni nimewasha. Inaonyesha pua yangu, basi. Nimeirudisha kwa adabu.

Jumatano, 7 Mei
Akili imenijia! Nimefunga simu kwenye usukani kwa mpira wa tyubu, nikawasha tochi. Mwanga safi hadi karibu na Kilakala. Hapo Mama Juliana akapiga kuuliza nimefika wapi. Nikabonyeza kupokea, simu ikajigeuza, ikanimulika machoni. Mtaroni tena! Nikiwa kwenye matope nikamsikia anauliza ni nini hicho kimelia. Nikamwambia ni mtandao.

Alhamisi, 8 Mei
Dainamo! Lukasi, fundi baiskeli, kanipa moja kuukuu, nami nikamwachia redio yangu. Inasuguana na tairi, taa inawaka. Haitaki chaji, haitaki jua, haipokei simu. Akataka kuniuzia na betri ndogo ya kuwasha taa nikisimama. Ujanja wa mafundi! Nikamwambia mimi naenda kazini, siendi kusimama.

Jumamosi, 10 Mei
Ukaguzi. Nimeingia uani nang'aa. Mama Juliana akaniamuru nisimame. Nikasimama. Giza. Akauliza taa iko wapi. Nikaendesha: mwanga! Akasema simama. Giza. Nikamwomba kwa heshima akague huku anakimbia pembeni yangu. Ana miaka sitini na daftari mkononi. Nimezunguka ua mara nne nikimweleza, Amosi akinihesabia kwa sauti. Mwishowe mama akauliza kwa upole: nikisimama njia panda kupisha lori, dereva wake ataniona kwa mwanga gani? Kilakala imekwenda kwa Amosi. Nimelia nyuma ya magunia ya unga, sifichi.

Jumatatu, 12 Mei
Nafunga mikate. Amosi amerudi anasifia chai ya Aisha, eti kaongezewa tangawizi bila kuomba. Siwezi kukaa, siwezi kulala. Lakini kosa nimeligundua! Dainamo haina tatizo. Tatizo ni kusimama. Nimempelekea Lukasi baiskeli atoe breki zote mbili. Amekataa katakata.

Sawa tu. Spana ninayo.