Soda Yangu ya Ndimu na Hila za Mama Pacha

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Shemeji kanitolea macho mezani. Kasema chumba ninacholala kilitakiwa kuwa cha dada kupigia pasi, na kama sina shughuli yoyote humu ndani, nikatafute pengine pa kulala. Kanipa hadi Jumapili. Dada kanitetea, lakini kwa shida, maana alikuwa na pini mdomoni. Ni fundi cherehani, pini hazimtoki mdomoni. Shemeji akaongeza kwamba nimwangalie Mama Pacha wa ghorofa ya juu: mjane, watoto wawili, na bado anatengeneza soda ya ndimu inayoulizwa jengo zima.

Kumbe ni soda tu! Mbona hilo dogo.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimepanda kwa Mama Pacha na sura yangu ya upole. Nilijua nitambembeleza mpaka nichoke. Wapi. Kanimwagia yote papo hapo: chemsha maji na sukari, acha yapoe, kamulia ndimu, kwangulia maganda kidogo, tia chembe chache za hamira, jaza chupani, funga. Kila asubuhi fungua kidogo gesi ipumue, funga tena. Ikishachangamka, weka kwenye friji.

Hakuna mtu anayetoa siri bure namna hiyo. Nikawaza nikishuka ngazi, na kabla sijafika mlangoni nikaikamata hila yake. Soda ni gesi. Ukiitoa gesi, unabaki na maji ya ndimu. Anataka niwaletee watu maji ya ndimu nichekwe! Nusura aniingize mjini.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Kazi imefanyika. Chembe chache za hamira ni uchoyo. Mimi nimetia kwa kijiko cha kupakulia. Chupa za kioo, zimejaa hadi shingoni. Nimezificha kwenye kabati la sebuleni, kona anakoshonea dada, ubavuni mwa meza ya pasi. Pana joto zuri.

Kabatini hapo linaning'inia gauni la bibi harusi atakayekuja Jumamosi kulijaribu. Dada kasema likimkaa vizuri, mabinti wengine wote wa kwao watashona kwake. Dada hajawahi kupata kazi ya namna hiyo. Nitamkaribisha bibi harusi kwa soda yangu, shemeji akiwa anatazama. Nimeshachagua na bilauri.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Dada kauliza kwa nini kabati linafyonya. Nikamwambia ni mende. Akapuliza dawa ya mende. Nikakohoa mpaka jioni, ila siri ikabaki siri.

Mama Pacha kanikuta ngazini, kauliza kama nafungua chupa kila asubuhi. Nikamwambia ndiyo, mama, bila kukosa. Akatabasamu. Mwanamke ana roho ngumu yule! Nikarudi ndani nikavibana vizibo kwa koleo.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Haya, niandike.

Bibi harusi alifika mapema. Gauni likamkaa kama alizaliwa nalo. Shemeji mwenyewe aliweka simu chini akatazama. Dada kapiga magoti anaweka sawa pindo, uso wake unang'aa, sijamwona hivyo miaka. Nikaona wakati ndio huu. Nikafungua mlango wa kabati, nikageuka kufuata bilauri.

Ikalia chupa ya kwanza. Nyingine zikaitikia.

Mungu kasaidia, vioo vilibaki kabatini. Soda haikubaki. Ilipaa hadi kwenye dari, ikashuka juu ya gauni lote, na maganda yake, na povu lake. Bibi harusi alijipangusa povu machoni. Dada alikaa sakafuni akalia, pini bado mdomoni.

Niliumia. Niliumia kweli, maana katika nyumba hii dada ndiye mtu wangu. Nilitaka kumwambia samahani. Nikajisikia nasema kwamba angalau gesi ilikuwepo.

Mama Pacha alisikia kishindo akashuka na sabuni. Yeye na dada wamefua gauni hadi doa likatoka. Bibi harusi atalichukua. Wale mabinti wengine, kasema, watatafuta fundi kwingine.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Chumba kimekwenda. Meza ya pasi imelala vizuri kuliko mimi. Nipo kwenye kochi, na hilo ni kwa sababu dada, macho yamemvimba, kamwomba shemeji anivumilie mpaka mwisho wa mwezi. Nimemwahidi dada kwamba kabati lake sitaligusa tena. Na sitaligusa. Mimi ni mtu wa ahadi.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Mama Pacha kaniletea chupa moja ya kunipoza. Baridi, kali kidogo, gesi inapanda hadi puani. Nikameza na wivu wangu. Nikamuuliza tena kwa heshima zote, yeye hufanyaje. Kasema vilevile: hamira chembe chache, na kila asubuhi fungua.

Kwa hiyo bado ananificha.

Nimekaa nikatafakari, na kosa nimeliona. Vile vizibo vilikuwa dhaifu. Safari hii nimefunga kwa waya, nikakaza mpaka kiganja kikachubuka, na hamira nimeongeza. Chupa zote nimezisukuma chini ya kitanda cha shemeji. Pana joto, pana giza, na hakuna mtu wa kuzifungua.