Mwendo wa Saruji

Jumatatu, tarehe 3 Machi. Mwaka wa thelathini na moja ugenini.

Mdogo wangu wa kike amepiga simu kutoka nyumbani. Chumba changu kakipaka chokaa. Kitanda kipo. Anauliza nakuja lini. Nimemwambia akiba yangu inatosha nauli mara tatu, ila mtu mzima harudi akalale chini ya bati la dada yake. Nataka nyumba yangu, na nyumba inataka akiba hii iwe maradufu. Akasema, "Kaka, nauli yako hupata ajali kabla hujapanda gari."

Maneno makali! Kweli, kulikuwa na wale kuku. Na ile mashine ya kukamua alizeti. Lakini safari hii nimesoma. Kijitabu kizima cha soko la hisa, mara mbili, penseli mkononi. Kinasema hisa inayopanda huendelea kupanda, kwa sababu watu hufuata watu. Nunua inayopanda, uza ikichoka. Wazee wetu walisema fuata nyuki ule asali, wala hawakuhitaji kurasa themanini.

Jumanne, 4 Machi.

Soko la hisa ni chumba kimoja juu ya duka la viatu. Viti sita, ubao wa bei, dirisha la karani, na nyuma ya pazia meza ya dalali. Ubaoni kampuni kumi na moja. Kumi zimelala. Ya saruji imepanda! Nimejaza fomu, nimenunua kwa theluthi ya akiba. Nikachungulia pazia, nikamwambia dalali nina hisa za saruji, nifanye nini sasa. Alikuwa mdomo umejaa. Akasema, "Shika, mzee."

Nikarudi dirishani nikashika nyingine kumi.

Jumatano, 5 Machi.

Imepanda tena. Dalali mwenyewe anakuna kichwa, hajui saruji imeingiwa na nini. Kiwanda hakijatoa hata habari. Nifanyeje? "Wewe shika tu." Nimeshika. Karani ananigongea mhuri bila kuniangalia usoni.

Nikirudi, ngazi imezibwa na friji. Mpya! Ya Mama Miwani, jirani yangu wa mlango wa pili, fundi cherehani mstaafu, aniitaye Profesa kwa sauti ambayo si ya heshima. Nikamwuliza kulikoni. Akasema mambo yamenyooka. Mimi nina kijitabu, yeye ana friji. Sielewi.

Alhamisi, 6 Machi.

Mara ya tatu! Dalali: "Shika kabisa, mzee!" Nimeshika kabisa. Akiba yote imeingia. Kwa bei ya ubaoni nina nauli, mabati, na mlango wa mbao wenye kitasa. Nimempigia mdogo wangu, fundi aanze kupima kiwanja. Akauliza kama dawa zangu nazinywa kwa wakati.

Ijumaa, 7 Machi.

Haikupanda. Haikushuka. Mbele ya saruji wameandika kistari. Dalali akaeleza kwamba leo hakuna aliyeuza wala aliyenunua. Nikasema imechoka, basi niuze. Akauliza nimuuzie nani. Akaomba fomu zangu dirishani, akazipekua moja moja, uso ukawa mrefu.

"Mzee, mimi si nilikuambia shika?"

Nikasema ndiyo, nami nimeshika.

"Shika ulizo nazo! Usiziachie! Nani kakutuma ununue?"

Mimi, nisomaye kamusi kwa starehe, nimeangushwa na kitenzi cha darasa la kwanza. Nikauliza, na ule mwendo je? Watu kufuata watu? Akasema watu gani. Wiki nzima mnunuzi wa saruji alikuwa mmoja. "Ulikuwa ukijifuata mwenyewe, mzee wangu."

Jumamosi, 8 Machi.

Mama Miwani kaja na jagi la maji baridi, kujionyesha. Akakaa. Akasema marehemu mumewe alimwachia furushi la hisa za saruji, na kwa miaka kumi na mmoja hakupata wa kumwuzia. Jumatatu akapandisha bei anayotaka, angalau zionekane ubaoni, na Jumanne akajitokeza mjinga. Jumatano akamwongezea bei, mjinga akanunua. Alhamisi akaongeza tena, kwa utani tu, mjinga akazikomba zote. "Profesa, wewe msomi, hebu niambie. Mtu kama huyo kichwani mna nini?"

Nikasema huenda alikuwa na mbinu. Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Akasema mjinga akitaka kuzirudisha, yeye atazichukua kwa theluthi ya bei, kwa kumbukumbu ya marehemu.

Maji yalikuwa baridi kweli.

Jumatatu, 10 Machi.

Nimeuza. Karani hasemi aliyenunua ni nani, wala sikuuliza. Mkononi imebaki nauli, barabara, ya kwenda bila ya kurudi. Dalali alinisindikiza mpaka mlangoni. Akanisihi niende kituoni sasa hivi, nikate tiketi, nisigeuke nyuma.

Ushauri mwema. Nilisimama pale nikivaa kofia polepole. Nikakiona kile chumba cha chokaa. Nikawaona watu wa mtaa wakiniuliza mimi ni mtoto wa nani, na wa kunijibia wamekwisha.

Nikageuka. Kampuni ya viberiti! Juu, siku mbili mfululizo. Na kosa la wiki iliyopita liko wazi kabisa: nilimwuliza dalali. Leo sikumwuliza mtu. Karani kagonga mhuri.

Kisha nikampigia mdogo wangu. Nikamwambia kile chumba akipangishe.

Sirudi.