Mpira wa Gesi

Jumatatu, 3 Machi
Mpira wa jiko la gesi umepasuka karibu na mtungi. Fundi anasema ubadilishwe. Atasema nini kingine, naye ndiye muuzaji? Nimekata tyubu ya baiskeli, nikauzungushia, nikakaza kwa waya. Mke wangu kauliza kama huku ni kubana matumizi au ni ubahili. Nimemjibu kwamba mbana matumizi hutumia akili kabla ya pesa. Hakucheka.

Jumanne, 4 Machi
Nanusa kitu. Mke wangu ana mafua, hanusi. Nimepaka sabuni kwenye tyubu, ikatoa mapovu. Nimeongeza waya. Nimefungua madirisha yote na kusema leo tule mkate mkavu, kwa ajili ya afya. Mvua imelowesha kochi.

Jumatano, 5 Machi
Mama mkwe kaja bila taarifa, anataka chai. Nikamwambia chai inapandisha presha. Akasema yake inapandishwa na mkwe mwenye mkono wa birika. Kugeuka, yuko jikoni na kiberiti mkononi. Nimempokonya! Mama mkwe! Nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji.
Mke wangu kalia, eti nimefikia kumnyima mama yake chai. Sikuthubutu kusema ukweli. Afadhali nionekane mchoyo kuliko mjinga. Wameondoka wote wawili, na begi kubwa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekaa barazani kutwa nzima. Ndani naogopa mtungi, nje naogopa kwamba mke wangu harudi. Jioni nimemwita fundi, nikijikaza kiume. Kaingia, kazungusha kichwa cha mtungi kwa vidole viwili, gesi ikafungika. Kaniuliza kwa nini sikukifunga tangu Jumatatu. Nikakohoa sana. Kaweka mpira mpya. Nimempigia mke wangu simu na kukiri kila kitu.

Ijumaa, 7 Machi
Karudi. Kaniapisha kwamba sitagusa tena kazi ya fundi. Nimeapa kwa moyo mweupe. Hofu ile siitaki tena maishani.
Mchana swichi ya sebuleni imetoa cheche. Kasema aitwe fundi umeme. Nimemwambia aniachie mimi. Umeme hauna harufu, angalau nitafanya kazi bila woga.