Madirisha ya Marehemu Jaji

Wengine wakiona bweni linabomolewa huziba pua kwa vumbi. Hakika aliona madirisha kumi ya mbao juu ya kifusi, rangi imebanduka, bawaba zimeota kutu, akajua Mungu hajamsahau.

Jina hilo alipewa mtaani, maana ndilo neno alilolitanguliza kabla ya kila uongo. Asubuhi hiyohiyo alimpa msimamizi wa ubomoaji cherehani ya mkewe, akachukua madirisha yote. Mkewe, fundi nguo asiye na riziki nyingine, alipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

"Hakika, mke wangu, Jumamosi nakuletea ya umeme!"

"Jumamosi usipoileta, na wewe usije."

Kaka wa mkewe, seremala mpole, alikubali kusaidia kwa kumhurumia dada yake. Kila dirisha likatiwa miguu minne, likawa meza yenye kioo. Seremala aliposhika msasa, Hakika akamdaka mkono.

"Acha hivyohivyo, shemeji! Wenye pesa wanapenda mbao iliyoteseka."

"Nani atanunua dirisha la bweni?"

"Bweni gani? Haya yametoka kwa marehemu Jaji, kule kilimani."

"Jaji gani tena?"

"Subiri, ndiyo namtunga."

Akamtunga kweli. Akampa fimbo, kikohozi, na tabia ya kusoma kesi kando ya dirisha la tatu. Kufikia Ijumaa hata yeye mwenyewe alikuwa amemzoea huyo mzee.

Ijumaa hiyo mama mmoja aliteremka kwenye pikapu, miwani ikining'inia kifuani. Alimsikiliza Hakika kwa makini, simu mkononi. Kisha akatoa futi kamba, akapima meza moja moja. Hakupima miguu, alipima vioo na fremu zake. Mwisho akaketi juu ya gogo, akaangua kilio.

"Babu yangu!"

Hakika akashtuka. Kumbe Jaji alikuwepo!

"Fimbo ile! Kikohozi kile! Miaka miwili namtafuta mwizi aliyeng'oa madirisha ya babu, kumbe ni wewe, mwanangu?"

"Mama, hakika... haya ni ya bweni. Jaji nilimbuni tu."

"Kwa hiyo wewe ni tapeli?" Machozi yalikauka ghafla. "Maneno yako yote nimeyarekodi. Kituo cha polisi kile pale. Chagua mwenyewe, uingie kama mwizi au kama tapeli."

Kwa kweli ni uchaguzi mgumu, hata mtu mwenye elimu angeomba muda. Hakika aliomba msamaha.

"Sina kinyongo," mama akasema. "Rudisha madirisha ya babu mahali pake, tuyamalize. Ila yale mawili mafupi yaache. Hayo si ya babu."

Jumamosi yeye na shemeji yake walikesha mchana kutwa, kama kuna kukesha kwa namna hiyo, wakikata miguu ya meza waliyoiunga wenyewe na kupachika madirisha manane katika nyumba ya mama. Kila moja liliingia bila kurandwa. Hakika alisifu sana kazi ya mafundi wa zamani. Seremala alikaza skrubu ya mwisho, akapitisha kidole ukutani, akakitazama.

"Shemeji, hii saruji bado mbichi."

"Eeh?"

"Nyumba haijamaliza hata mwezi. Na yule Jaji si wewe uliyemtunga, mimi nikiwa nimesimama hapohapo? Mtu wa kutunga anapataje mjukuu?"

Hakika alifungua mdomo. Ndani, mama alikuwa akijaribu madirisha, anafungua, anafunga, anafungua. Akachungulia.

"Asanteni wanangu. Babu angefurahi sana."

Lile neno lake la kila siku halikuja. Seremala alikusanya misumeno, akafunga sanduku la vifaa, akamgusa begani.

"Mimi nakwenda kwangu," akasema. "Kwa dada utakwenda peke yako."